Niambie Ni Kidole Gani: Majibu kwa Wapiga Muziki Wenye Ganzi

Toleo lililopita nilijibu kwa mistari michache swali la ganzi ya mikono, na barua nyingi zilizofuata zimetoka kwa watu wa muziki: wapiga gitaa wa kwaya, akina mama wa ngoma za muheme, vijana wa marimba, hata mjukuu wa mpiga zeze. Nimefurahi kuzipata. Mwanamuziki wa huku kwetu Dodoma akiumia mkono, mara nyingi haendi popote. Huchua, huvumilia, kisha siku moja haonekani tena na watu husema amezeeka, kumbe ana miaka arobaini.

Lakini barua nyingi zinasema "mkono unakufa ganzi" na kuishia hapo. Kwangu mimi, mtaalamu wa fiziotherapia, hiyo ni nusu ya habari. Neva, yaani mishipa ya fahamu, tatu kubwa zinashuka kutoka shingoni mpaka kiganjani, na kila moja ina eneo lake la ngozi na misuli yake. Neva ikibanwa njiani, eneo lake ndilo linalolalamika. Kwa hiyo nikiuliza ni kidole gani, upande gani, saa ngapi, si udadisi. Ndiyo njia ya kujua imebanwa wapi.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Napiga besi kwenye kwaya yetu hapa Nkuhungu, na mchana naendesha bodaboda. Tangu tuanze mazoezi ya kurekodi, mkono wa kushoto unakufa ganzi usiku mpaka naamka kuukung'uta. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vinachoma. Mwalimu wa kwaya anasema ni baridi ya mwezi wa sita, mama ananichua kwa dawa ya kuchua, na duka la dawa wamenipa diklofenaki. Niache besi? – Mpiga besi, Nkuhungu

Usiache besi. Naanza na hilo kwa sababu nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko ganzi yenyewe.

Umenipa kitu ambacho wengi hawakunipa: umetaja vidole. Gumba, shahada na cha kati vinahudumiwa na neva ya katikati ya mkono, pamoja na nusu ya kidole cha pete, ile iliyo upande wa kidole cha kati. Ukiamka usiku wa leo, kabla ya kuukung'uta mkono, pitisha pembe ya shuka juu ya kidole cha pete, upande huu kisha upande ule. Ukisikia vizuri upande mmoja na upande mwingine husikii sawasawa, karibu nina hakika kwamba shida iko kwenye kifundo cha mkono, wala si shingoni wala si "damu kutopita". Na huko kukung'uta ni dalili yenyewe. Watu wenye tatizo hili hufanya hivyo bila kufundishwa na mtu.

Mwanzoni mwa kiganja, mbele kidogo ya unapovaa saa, kuna njia nyembamba. Chini na pembeni imezungukwa na vijifupa, juu imefunikwa na utepe mgumu. Ndani yake zinapita kano tisa, yaani kamba zinazounganisha misuli na mifupa, za kukunja vidole, na neva hiyo moja. Kano zikivimba hata kidogo, hakuna ukuta unaosogea kuzipa nafasi, na kwa kuwa neva ni laini kuliko vyote vilivyomo, yenyewe ndiyo inayobanwa. Ukikunja kifundo kuelekea ndani, msukumo humo ndani unapanda. Ukikikunja nyuma, unapanda vilevile. Usingizini wengi wetu hukunja viganja bila kujua. Ndiyo maana usiku ni mbaya kuliko mchana.

Sasa gitaa. Wewe sijakuona ukipiga, lakini nimewaona wapiga besi wengi wa kwaya zetu, na wengi wao hulining'iniza gitaa chini, usawa wa mapaja, kwa kuwa linapendeza kwenye video. Gitaa likikaa chini hivyo, mkono wa kushoto hauna njia nyingine ila kuizunguka shingo ya gitaa kifundo kikiwa kimekunjwa sana. Na sebene halimpi mpiga besi pumziko: mwimbaji akinyamaza na solo akivuta pumzi, besi bado inatembea. Kunja kifundo hivyo, bonyeza nyuzi nene za besi, rudia wimbo uleule jioni nzima kwa sababu ya kurekodi, na hiyo neva haitakuwa na pa kukimbilia.

Fanya hivi. Kaa kwenye kiti, pakata gitaa, shika kama unayepiga na utazame kifundo chako kilivyonyooka. Kisha simama na ufupishe mkanda mpaka gitaa libaki palepale lilipokuwa ulipokaa. Shingo ya gitaa ielekee juu kidogo. Gumba liegemee nyuma ya shingo, lisiikumbatie. Halafu jifunze upya nguvu ya kubonyeza: gusa uzi kwa wepesi, piga, ongeza kidogo kidogo mpaka sauti itoke safi, na usizidishe hapo. Utashangaa ni nguvu ndogo kiasi gani. Watu hubonyeza kupita kiasi hasa pale wasipojisikia, kwa hiyo mwombe fundi mitambo akuelekezee spika yako mwenyewe. Hilo ni tiba kabisa, nami ningeliandika kwenye karatasi ya dawa kama ingewezekana. Kama nyuzi zimekaa juu mno kutoka kwenye shingo, mpelekee fundi azishushe.

Usiisahau pikipiki. Mpini unatetemeka, unaushika kwa nguvu, na kifundo cha kushoto kinafanya kazi ya klachi siku nzima. Huo ndio mkono uleule unaoupeleka mazoezini jioni. Vaa glovu zenye sponji kiganjani, legeza mshiko barabara ikiwa nzuri, na ukiwa kijiweni unasubiri abiria usiegemee mpini.

Usiku, vaa banzi la kifundo. Maduka ya vifaa tiba huuza ya kitambaa yenye bati ndani. Lichomoe bati ulitazame: mara nyingi limepindwa kuelekea nyuma. Linyooshe kwanza, kwa sababu tunataka kifundo kisikunjwe upande wowote. Vidole viwe huru, na mkanda usibane. Vaa kila usiku kwa wiki sita hata ukipata nafuu mapema. Kupumzika mazoezini nako ni sehemu ya tiba: weka gitaa chini kila baada ya nusu saa, hata kama mwalimu ananung'unika.

Diklofenaki uliyopewa haifanyi mengi kwa neva iliyobanwa, na ikiliwa kila siku huumiza tumbo na figo. Dawa ya kuchua inapasha ngozi joto tu, haifiki kule ndani. Baridi ya Juni kweli huongeza maumivu, upepo wa Dodoma tunaujua, lakini baridi haichagui vidole vitatu na nusu.

Nakuomba pia upime sukari. Kisukari, tezi ya shingo inayofanya kazi pungufu, baridi yabisi na, kwa akina mama, ujauzito, vyote huifanya njia ile iwe nyembamba zaidi. Wiki sita zikipita bila nafuu, au ganzi ikianza kushinda mchana kutwa, au ukiona nyama iliyo chini ya gumba imebonyea ukilinganisha na mkono wa pili, nenda hospitali ya rufaa ukaonane na daktari wa mifupa. Kuna sindano ya kupunguza uvimbe, ambayo hutuliza kwa wiki au miezi, na kuna upasuaji mdogo wa kuukata ule utepe mgumu. Hufanywa kwa sindano ya ganzi ya sehemu hiyo tu, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Usiuogope. Ninachokiogopa mimi ni ile nyama kukonda, kwa sababu ikishakonda sana, upasuaji huzuia isiendelee lakini nguvu hairudi yote.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mama wa Mvumi, napiga ngoma za muheme tangu ujana. Msimu wa mavuno tunaitwa huku na huku. Sasa kidole cha mwisho cha mkono wa kulia na jirani yake vimekufa ganzi, na vyombo vinaniponyoka. Kutia uzi kwenye sindano siwezi tena. Wenzangu wanasema nimerogwa na kikundi kingine. – Mama wa muheme

Mbukwenyi mama, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara kadhaa. Mama yangu mzazi naye ni mpiga muheme, na sipendi hata kidogo kufikiria mikono hiyo ikinyamaza.

Kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete ni vya neva nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko, penye kifupa ambacho ukijigonga unasikia shoti mpaka kidoleni. Kutoka hapo inashuka hadi kwenye kisigino cha kiganja, upande wa kidole cha mwisho, kisha inaingia mkononi. Hubanwa zaidi katika sehemu hizo mbili, na kuna njia ya kuzitofautisha. Mwambie mjukuu akuguse kwa unyoya wa kuku huku umefumba macho. Aguse kwanza kidole cha mwisho, kisha mgongo wa mkono upande wa kidole hichohicho. Tawi linalohudumia mgongo wa mkono huchepuka kabla ya kufika kiganjani. Basi kama mgongo wa mkono unasikia vizuri na kidole hakisikii, neva imeumia kwenye kisigino cha kiganja. Kama vyote viwili vimekufa ganzi, shida iko juu, kwenye kiwiko.

Kwa mpiga ngoma ninashuku kiganja kwanza. Muheme mnaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa mikono mitupu. Ile sauti nzito ya katikati ya ngozi wengine huitoa kwa kisigino cha kiganja, na hapo ndipo neva ilipo, chini ya ngozi na mafuta kidogo tu. Rafiki wa pigo hilo ni mpini wa jembe, ambao unasukuma palepale, na mchi pia. Mkono uliolima asubuhi, ukatwanga mchana na kupiga ngoma usiku haujapumzika hata saa moja.

Kwa hiyo, mama, kwa miezi miwili mitatu mwachie binti mmoja hiyo ngoma yenye mapigo mazito, nawe ushike ile inayopigwa kwa vidole, au uongoze wimbo. Ukirudi, piga kwa vidole na nyama ya juu ya kiganja. Mpini wa jembe uviringishie kitambaa kinene, na usiusukume kwa kisigino cha mkono. Na kama shida ni ya kiwiko, usilale mkono ukiwa umekunjwa chini ya kichwa: kunja kanga, izungushe kiwiko kwa kulegea ili usiweze kukikunja sana usingizini. Usikiegemeze mezani wala ukutani unapopumzika.

Lakini kuponyokwa na vyombo na kushindwa kutia uzi kunanitia wasiwasi. Hiyo ni misuli, si ngozi tu. Bana karatasi kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, mjukuu aivute. Ukiona gumba linajikunja kwenye kiungo chake ili kuing'ang'ania, misuli midogo ya kiganja imeshadhoofika. Nenda Hospitali ya Mvumi, iko karibu nawe, mwezi huuhuu, wala usisubiri msimu uishe. Neva huota upya taratibu sana, kama milimita moja kwa siku, na kila mwezi unaopotea ni wa thamani. Kuhusu kurogwa, mama, kwa heshima zote: mtu wa kikundi kingine hana uwezo wa kuchagua kidole kimoja na nusu. Tafadhali msigombane na wenzenu kwa ajili ya neva.

Akina mama wawili wengine wameuliza juu ya ganzi ya nje ya goti inayoshuka mpaka juu ya unyayo baada ya kuchuchumaa muda mrefu wakivuna. Hiyo ni neva inayozunguka kifupa cha nje, chini kidogo ya goti. Inukeni mara kwa mara. Unyayo ukianza kuburuta, hospitali.

SWALI: Dada, mimi ni msichana wa Chamwino, napiga ilimba na kucheza kwenye kikundi. Mgongo wa gumba la kulia unachoma na umekufa ganzi, lakini kiganja hakina shida. Ni marimba? – Binti wa ilimba

Ilimba, yaani marimba ya Wagogo ya kushika mikononi, ambayo mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose aliitoa Dodoma akaipigia dunia, hupigwa kwa magumba, kwa hiyo ni rahisi kuishuku. Lakini kabla ya ilimba, angalia kifundo chako. Umevaa nini? Bangili za kubana, saa yenye mkanda mfupi, shanga zilizofungwa kwa uzi usiovutika? Upande wa gumba, juu tu ya kifundo, kuna tawi la neva la ngozi lililo juu juu kabisa, na bangili moja ya kubana inatosha kulibana. Vua vyote, ukivaa tena viwe vya kulegea. Mara nyingi nafuu huja ndani ya wiki kadhaa. Ikiwa maumivu yanazidi pale unapolifungia gumba ndani ya ngumi na kuuinamisha mkono kuelekea kidole cha mwisho, basi huenda kano za gumba nazo zimevimba kwa kupiga, na hapo njoo nikuone.

SWALI: Babu yangu, mpiga zeze wa Bahi, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vimeanza kujikunja na havisikii. Juzi aliungua kwa chungu bila kujua. Pia ana baka jeupe kidogo kwenye mkono ambalo haliwashi wala halisikii likiguswa. Nyumbani wanasema ni zeze na uzee. – Mjukuu, mwalimu wa shule ya msingi

Mwalimu, asante sana kwa kutaja baka. Ningependa usimamishe mengine yote ulisome jibu hili leo.

Ni kweli kwamba mpiga zeze hukunja kiwiko cha kushoto kwa muda mrefu akitafuta sauti kwenye nyuzi, na kiwiko kilichokunjwa huivuta na kuibana neva ile ile niliyomweleza mama wa Mvumi. Wapiga fidla wa Ulaya hupata tatizo hilohilo. Lakini zeze haliweki baka kwenye ngozi. Baka lililopauka, lisilowasha, tena lisilosikia, pamoja na ganzi ya vidole vya mwisho na kuungua bila kujua, lazima lipimwe ukoma kwanza. Ukoma huishambulia hasa neva hii, nyuma ya kiwiko, mpaka inavimba na kushikika kwa vidole.

Najua neno hilo linavyoangusha moyo wa familia. Watu wazima wa Dodoma wanakikumbuka kituo cha wagonjwa wa ukoma cha Hombolo na jinsi wagonjwa walivyotengwa. Siku hizi hakuna haja ya kumtenga mtu. Ukoma unatibika kwa mchanganyiko wa dawa, miezi 6 au 12 kutegemea aina, na dawa hutolewa bure. Mgonjwa huacha kuambukiza mapema sana baada ya kuanza kuzimeza. Anaendelea kula na wajukuu, analala nyumbani kwake, na anapiga zeze lake.

Mpeleke kituo cha afya, uulize mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Mwonyesheni baka na mikono. Msikubali kurudishwa na vidonge vya maumivu tu. Mseme wazi kwamba baka halisikii. Kama udhaifu wa vidole una chini ya miezi sita hivi, kuna dawa za kushusha uvimbe wa neva zinazoweza kurudisha nguvu, kwa hiyo siku zina maana. Wakati mnasubiri, babu asishike chungu wala sufuria bila kitambaa kinene, na jioni mmoja wenu amkague vidole kutafuta jeraha, kwa kuwa yeye mwenyewe halitamuuma. Na wote mnaoishi naye mchunguzwe ngozi.

Nikuulize pia, je, babu ametumia dawa za kifua kikuu? Moja kati ya hizo, isoniazidi, huweza kuleta ganzi, lakini hiyo huanzia miguuni pande zote mbili, na vitamini B6 huizuia. Mtajie daktari.

SWALI: Mtaalamu, napiga kinanda kanisani, Area C. Kidole cha pete na cha mwisho vya mkono wa kulia vinajikunja vyenyewe nikipiga. Hakuna ganzi, hakuna maumivu. Kuandika, kula, kufunga vifungo, vyote naweza. Nimefanya mazoezi mara mbili zaidi lakini ndio vinazidi. – Mpiga kinanda

Hapa neva huenda haijabanwa popote. Bila ganzi, bila udhaifu, na tatizo kutokea penye kinanda tu, ninachokifikiria ni ubongo kuchanganya amri za vidole vilivyofundishwa mwendo uleule mara nyingi mno. Mpiga piano wa Marekani Leon Fleisher, aliyefariki mwaka 2020, alipatwa na hili miaka ya 1960, vidole hivyohivyo viwili vya mkono wa kulia. Alipiga kwa mkono wa kushoto peke yake, akafundisha, akaongoza okestra, na miaka ya 1990, baada ya sindano za kulegeza misuli na tiba ya mikono, akarudi kupiga kwa mikono miwili.

Kwa hiyo acha kuongeza mazoezi, yanaimarisha kosa. Punguza, piga taratibu sana, na ukiona kidole kinaanza kujikunja, ondoa mkono kwenye funguo. Usikubali kufanyiwa upasuaji wa kifundo au kiwiko kabla neva hazijapimwa kwa umeme na kuonekana zimebanwa kweli. Unahitaji daktari wa mfumo wa fahamu. Siku ya kumwona, beba kinanda chako, hata kile kidogo cha mazoezi, kwa sababu ukikaa mikono mitupu mbele yake kidole hakitajikunja, naye ataona mkono mzima akurudishe nyumbani.